Laini Ipo, Umeme Haupo

"Umeme uko wapi?" fundi wa simu aliuliza, akiwa amepiga goti kwenye korido, bisibisi mkononi.

Karani aliutazama ukuta kana kwamba soketi ya umeme ingeona aibu ikajitokeza. Soketi ya simu ilikuwepo, pale pale ilipofungwa enzi za marehemu baba mkwe wake, kando ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Chini yake ukuta ulikuwa mtupu. Kushoto mtupu. Kulia mtupu mpaka jikoni.

"Fundi umeme alikuwa aje Jumanne," alisema. "Mimi nilikuwa kwenye mafunzo. Mume wangu aliniambia hakutokea."

"Basi tumekwama, mama." Fundi aliinua kisanduku cheupe alichokuja nacho, akakigeuza ili aone mgongo wake. "Hii ruta ya intaneti ina nyaya mbili. Mmoja unaingia kwenye simu, wa pili kwenye umeme. Ukikosa mmoja, hilo ni pambo la mezani."

"Si ungeurefusha huo wa simu mpaka sebuleni? Kule umeme upo."

"Nikiurefusha hivyo mawasiliano yatalegea, na wa kupigiwa kelele nitakuwa mimi. Kuhamisha soketi yenyewe ni oda nyingine. Ukiomba leo, unaweza kungoja mwezi." Aliangalia saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kwenda. "Nikitoka hapa naandika tu kwamba mteja hakuwa tayari. Nafasi yako inakwenda kwa mwingine."

Mwezi. Karani alihisi miguu yake ikitaka kwenda mahali, popote. Walimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa ofisi ya bima mpaka ofisi ilipofunga milango, na jina likabaki hata kazi ilipoondoka. Sasa alikuwa amepata nyingine: kupokea simu za wagonjwa wanaotaka miadi na madaktari, akiwa nyumbani kwake, saa sita kwa siku. Aliitafuta kazi hiyo mpaka akachoka kujieleza. Waajiri walichomdai ni laini ya waya. Walimjaribu kwa intaneti ya simu ya mkononi, sauti yake ikawafikia kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Jaribio la mwisho lilikuwa kesho, Ijumaa, saa nane mchana.

"Nipe dakika moja," alimwambia fundi, akakimbilia sebuleni.

Sebule ndiyo ilikuwa duka. Mumewe alikuwa ameinamia cherehani yake ya umeme, mgongo mwembamba umejikunja, midomo imebana pini. Kwa ule wembamba na ile kazi, mtaa mzima ulimwita Sindano, na yeye mwenyewe aliliandika jina hilo juu ya mlango. Sebule ilikuwa na soketi mbili: moja ya cherehani, na moja iliyochomekwa ekstensheni ndefu ya pasi.

"Nipe ekstensheni," Karani alisema.

Sindano alizitoa pini mdomoni. "Ya pasi?"

"Ya pasi."

"Nina suruali ya mtu hapa."

"Na mimi nina fundi wa mtu pale."

Aliikunjua taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu ambacho hana hakika kitarudi. Hakumtazama mkewe usoni. Karani alikuwa na haraka, hakuliona hilo.

Waya ulitoka mlango wa sebule, ukaikata korido, ukafika chini ya soketi ya simu ukiwa umevutika. Fundi akachomeka. Taa za ruta zikapepesa, zikatulia, zikapepesa tena, na mwishowe zote zikawaka bila kuyumba.

"Inafanya kazi," fundi alisema, akikusanya vifaa vyake. "Lakini hii ni ya kuvukia leo tu, mama. Waya usikae kwenye njia ya watu. Nani hupita hapa?"

"Napita mimi," sauti ilijibu kutoka chumbani.

Mlango ulifunguka, akatoka Mama, mama yake Sindano, mwanamke mnene mwenye kitambaa safi kichwani na macho ambayo hayakuona tena hata mwanga. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa ukutani. Alitembea nyumba nzima namna hiyo, mkono ukiteleza ukutani, na aliijua kila hatua ya korido ile kuliko wenye macho.

"Samahani, Mama, sikujua," fundi alisema.

"Hukujua nini? Kwamba nina miguu?" Mama alicheka. "Mkwe wangu, nioneshe huo waya ulipo."

Karani aliinama, akaushika mguu wa Mama kwa upole, akaugusisha kwenye waya. "Hapa. Ukifika mlango wa duka, hatua moja halafu unanyanyua."

"Hatua moja, nanyanyua. Kama kizingiti."

"Kama kizingiti, Mama."

Fundi alipokwisha kuondoka, Karani alipiga magoti akaubandika waya sakafuni kwa utepe wa gundi, kipande juu ya kipande, mpaka utepe ukamwishia.

*

"Kwa hiyo kesho saa nane," Sindano alisema wakati wa chakula cha mchana.

"Saa nane."

"Na cherehani?"

"Nilikwambia. Hawataki kusikia kelele yoyote nyuma yangu. Wakisikia kelele wananikatia."

"Saa sita nzima, kila siku, cherehani yangu ifanye nini? Isali?"

Watoto wangekuwepo wangecheka, lakini walikuwa bado shule. Mama alitafuna taratibu, uso ameuelekeza kwenye sahani.

"Utakata vitambaa," Karani alisema. "Utapiga pasi. Utashona asubuhi. Kwani siku hizi kazi ni nyingi kiasi hicho?"

Alijua neno limetoka vibaya kabla halijafika upande wa pili wa meza. Shule iliyokuwa ikimpa Sindano sare za wanafunzi azishone sasa ilizinunua kiwandani, na tangu hapo mezani kwake zilibaki suruali za kufupisha na zipu zilizokufa. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo ndani ya nyumba ile. Lilizungukwa tu, kama ndoo iliyokinga maji ya paa linalovuja.

"Sawa, Karani," Sindano alisema. Alinyanyuka, akaenda kunawa, na maji yalisikika yakimwagika muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Huyo fundi umeme nitampigia mwenyewe," Karani alisema kwa sauti ili imfikie. "Ananiangusha mtu mzima mwenye ndevu! Si aseme tu kwamba hawezi?"

Maji yalikatika. "Achana naye," Sindano alijibu kutoka huko. "Mafundi ndivyo walivyo. Nitakutafutia mwingine."

Mama aliacha kutafuna. Kisha akaomba apewe maji ya kunywa.

*

Ijumaa Karani hakukaa kitako. Alifuta meza ndogo aliyoiweka koridoni, akaifuta tena. Aliwasha kompyuta ya kampuni, akaizima, akaiwasha. Alikisogeza kiti mbele, akakirudisha. Kila alipopita aliukanyaga utepe wa waya kwa kidole ili ushike vizuri. Saa saba na nusu alikwenda kusimama mlango wa duka.

"Nimezima," Sindano alisema kabla hajaulizwa. Alionesha cherehani kwa mkono. "Tazama. Imekufa."

"Asante."

"Usinishukuru. Nenda."

Saa nane kamili alivaa visikilizio vya masikioni. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukata, sauti isiyopoteza neno.

"Unanisikia vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na mimi nakusikia. Leo laini ni safi. Nitakuunganisha na wapigaji watatu. Mimi nitakuwa nasikiliza. Usinijali."

Mpigaji wa kwanza alikuwa mama aliyetaka daktari wa watoto. Karani alimpatia. Wa pili alikuwa mzee aliyesahau kwa nini amepiga simu, na Karani alimpitisha polepole, akamuuliza dawa anazotumia, mpaka mzee mwenyewe akakumbuka. Katika masikio alimsikia msimamizi akiguna, na mguno ulikuwa mzuri. Karani akauhisi mgongo wake ukinyooka. Miezi yote ile ya kuambiwa tutakupigia, na kumbe sauti yake bado ilikuwa na kazi ya kufanya duniani.

Wakati huo mwenye suruali alikuwa amefika dukani. Alikuwa na safari. Sindano alimwonesha kwa ishara kwamba wanong'one, na mteja akanong'ona kwamba anaitaka suruali yake sasa hivi, ikiwa imepigwa pasi, kama walivyokubaliana. Pasi ilikuwa mezani upande wa mlango, waya wake haukuifikia soketi ya cherehani, na tundu lililobaki kwenye kichwa cha ekstensheni lilikuwa kule koridoni. Sindano alisita. Hakutaka kupita mbele ya mkewe na pasi mkononi. Basi akauvuta waya kidogo kuelekea kwake, ili kichwa kisogee karibu na mlango. Utepe ulibanduka sakafuni bila kelele. Waya ukasogea, ukainuka kidogo, ukabaki hewani kama kamba ya kuanikia nguo za mwanasesere. Sindano akachomeka pasi.

Mpigaji wa tatu alikuwa na hasira. "Nimeshikiliwa kwenye laini nusu saa nzima!" alifoka.

"Pole sana, mzee wangu. Sasa umenipata mimi, na siondoki mpaka tumalize," Karani alisema.

Mlango wa chumba cha Mama ulifunguka nyuma yake. Mama alikuwa akielekea msalani, kiganja ukutani, mwendo wake ule wa siku zote. Alisikia sauti ya mkwewe ikifanya kazi, akatabasamu, akatembea kwa kunyata asije akamharibia. Alihesabu kichwani: mlango wa duka, hatua moja, nanyanyua. Lakini waya haukuwa tena hatua moja kutoka mlangoni. Ulikuwa karibu zaidi, na ulimpata mguu ukiwa bado chini.

Kishindo kilitikisa meza. Taa za ruta zikazimika zote kwa pamoja. Mle masikioni, mzee mwenye hasira alikatika katikati ya neno.

*

"Mama! Mama!"

Karani alikuwa amevua visikilizio, yuko sakafuni, kichwa cha Mama mapajani mwake. Mama hakulia. Alikuwa ameubana mkono wa kulia kifuani, midomo imekauka.

Sindano alitoka mbio, akamkuta mama yake chini, na hofu ikamtoka kwa sura ya hasira.

"Unaona? Unaona hiyo intaneti yako? Nilijua! Waya katikati ya njia, na mama haoni! Kwa nini? Kwa sababu wewe lazima uwe na ofisi! Utamuua mama yangu kwa ajili ya ofisi!"

Mteja wa suruali alisimama mlangoni, hajui aondoke au asaidie. Karani aliinamisha kichwa, maana waya kweli ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeuweka.

"Nyamaza," Mama alisema.

"Mama, usiongee, tulia, tutakupeleka..."

"Nimesema unyamaze." Sauti yake ilikuwa ndogo, imenyooka. "Usimfokee mtoto wa watu. Fundi umeme alikuja. Jumanne alikuja. Alibisha hodi, ukafungua wewe. Nilikuwa kitandani kwangu, nikamsikia akisema ameitwa na mkeo kuweka soketi. Ukamwambia mmeghairi."

Mteja wa suruali akatazama viatu vyake.

"Nilingoja useme mwenyewe," Mama aliendelea. "Nilisema, mwanangu atasema. Jana mezani nilingoja. Sikutaka kuingia kwenye ndoa ya watu. Sasa nimeanguka, na bado unamwekea yeye lawama. Haya, ninyanyueni. Mkono unauma."

Karani hakumtazama mumewe. Alimshika Mama upande mmoja, Sindano akaja kushika upande wa pili, wakamnyanyua pamoja. Mteja aliichukua suruali yake ikiwa na mguu mmoja umenyooshwa na mmoja umekunjamana, akaondoka nayo hivyo hivyo.

*

Zahanati ilikuwa na benchi la mbao ukutani, na Mama alikuwa ameingizwa ndani kufungwa plasta. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa na ufa. Ungepona, daktari alisema, lakini mkono usinyanyue kitu.

Karani alikaa ncha moja ya benchi, Sindano nyingine. Katikati palikuwa na mkoba wa Mama, umekaa kama abiria wa tatu.

"Ulimwambia nini hasa?" Karani aliuliza.

"Kwamba tumeghairi."

"Tumeghairi. Sisi."

Sindano alipangusa magoti yake ambayo hayakuwa na vumbi. "Ulikuja ukasema saa za kazi yako cherehani inyamaze. Ulisema kama mtu anayesema zima redio. Hukuniuliza."

Karani alikumbuka. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameingia nyumbani akiruka kwa furaha, akalisema hilo katikati ya mengine, huku akivua viatu.

"Ungeniambia."

"Ningesema nini? Kwamba naionea wivu ruta?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikufika. "Watu wanapita pale dukani wananiuliza, Sindano, mbona kimya? Sasa ninyamazishwe na mke wangu ndani ya duka langu? Nilidhani ukikosa laini watakupa kazi ya ofisini. Uende huko, urudi jioni, na mimi nishone. Sikufikiria zaidi ya hapo. Naapa sikufikiria."

"Ungeniambia ungeniudhi siku moja tu," Karani alisema. "Hivi ulivyofanya..."

Simu yake iliita kabla hajamaliza. Alisimama, akaenda dirishani. Sindano alimwona akinyooka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Dada," sauti ya msimamizi ilisema, "hapa inaonekana ulimkatia mteja akiwa bado anazungumza."

"Mama mkwe wangu alijikwaa kwenye waya wa sakafuni, akaanguka. Umeme ulikatika. Tuko zahanati."

"Pole kwake. Lakini mteja hajui hayo. Yeye anajua amekatiwa." Karani alimsikia akibonyeza vitufe. "Ulikuwa unaenda vizuri. Kwa kweli ulikuwa unaenda vizuri. Ila kuna watu wengi wanaoingoja nafasi hiyo."

"Naomba unipe tena. Naomba sana." Alijisikia akiomba, sauti ikiwa nyembamba, mbele ya wagonjwa wanaomtazama. Zamani, kwenye ile ofisi ya bima, yeye ndiye aliyeombwa.

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Mara hiyo tu. Na usinifanyie mambo ya waya sakafuni."

Karani alirudi kwenye benchi. Hakumwambia mumewe alichoambiwa. Sindano alikuwa amesikia maneno yake, *naomba sana*, na akaona afadhali angetukanwa.

*

Jumamosi asubuhi Sindano alitoka nyumbani bila kufungua duka. Alimkuta fundi umeme kwenye duka moja la viatu, juu ya ngazi, akifunga taa mpya darini. Alikuwa mtu mpana, mwenye ndevu nyingi na mkanda uliojaa koleo.

"Fundi, habari ya kazi."

Fundi alitazama chini. "Wewe! Si wewe uliyesema mmeghairi?"

"Nahitaji uje leo."

"Leo nina kazi. Kesho napumzika. Jumatatu nina kazi. Na nyinyi si mmeghairi?"

Mwenye duka la viatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga masanduku, aliacha kupanga. Sindano alimeza mate.

"Hatukughairi. Nilikudanganya."

"Ulinidanganya mimi? Kwa faida gani?"

"Sikukudanganya wewe hasa. Nilimdanganya mke wangu. Nilimwambia hukutokea."

"Ati sikutokea!" Fundi alishuka vidato viwili, uso umewiva. "Mimi! Niliacha kazi ya watu nikaja kwako na mzigo mgongoni! Kwa hiyo huko nyumbani kwako mimi ndiye mwongo? Na mkeo ananijua, ni yeye aliyenipigia. Sasa atawaambia wangapi?"

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kwa sababu umebanwa," mwenye duka alisema, na hakuna aliyembishia.

Fundi alimtazama Sindano kitambo, akipima. Kisha akapanda tena. "Msaidizi wangu leo hakuja. Shika ngazi. Nikimaliza hapa mapema, nakuja. Nisipomaliza, shauri yako."

Sindano alishika ngazi. Ilikuwa nzito, na fundi alikuwa mzito zaidi. Vumbi la dari lilimwingia machoni na shingoni, na hakuweza kulipangusa. Mlango wa duka ulikuwa wazi, na watu wa mtaa walipita.

"Sindano! Umeacha kushona?"

"Bado."

"Sasa umekuwa nini, mguu wa ngazi?"

Kila mmoja alicheka kivyake, na kila mmoja alijibiwa "bado" hilo hilo. Mara mbili alifikiria kuiachia ngazi na kwenda zake. Mara zote mbili alimwona Karani pale dirishani zahanati, mgongo umenyooka, akiomba. Akaendelea kushika.

Jua lilikuwa limepita utosini walipofika nyumbani. Fundi aliingia wa kwanza, akasimama mbele ya Karani na mkoba wake.

"Mama, mimi Jumanne nilikuja," alisema. "Nataka ulijue hilo kabla sijatoboa hata tundu moja."

"Nalijua. Karibu, fundi. Samahani kwa usumbufu uliopata hapa kwetu."

Fundi aliuvuta umeme kutoka jikoni, juu kwa juu chini ya dari, waya umefichwa ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki, kisha akaushusha ukutani hadi pembeni ya soketi ya simu. Alipotoboa ukuta, Mama alilalamika kutoka chumbani kwamba ni afadhali daktari wa meno. Karani alifagia unga mwekundu wa matofali. Sindano alipotaka kuuchukua ufagio mkononi mwake, Karani aliushikilia, akaendelea. Alimwambia tu, "Sogea," na baadaye, "Shika hapa."

Mama ndiye aliyekata kauli kuhusu meza. Alikuwa amekaa kitandani, plasta kwenye mto.

"Hiyo meza iingizeni humu chumbani. Waya wa kompyuta utapita juu ya mlango, hautamkwaza mtu. Ukuta wa huku ni mnene. Mlango ukifungwa, cherehani naisikia kama nyuki tu, na mimi ndiye mwenye masikio hapa. Kila mtu afanye kazi yake."

"Na wewe, Mama?" Karani aliuliza. "Utakaa wapi saa zote hizo?"

"Dukani. Na mwanangu."

"Kufanya nini, Mama?" Sindano aliuliza.

"Kusikiliza mlango," Mama alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Karani alicheka, akajizuia haraka, akatoka nje na kizoleo cha vumbi. Sindano alibaki amesimama, masikio yanawaka moto.

*

Jumatatu saa mbili kasoro, nyumba ilikuwa kimya namna inavyokuwa kimya pale watu wanapokaa kwa kujibana. Watoto walikwenda shule. Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Sindano alikuwa na koti la mtu mapajani, akishona vifungo kwa mkono. Walikuwa wamejaribu jana: Karani ndani, mlango umefungwa, cherehani inakimbia, na aliyekuwa upande wa pili wa simu hakusikia kitu. Hata hivyo Sindano hakuigusa.

"Si ushone na mashine," Mama alimwambia.

"Ngoja kwanza."

Ndani ya chumba, msimamizi alimpa Karani wapigaji wake. Mmoja alilia. Mmoja aliuliza maswali yasiyokwisha kuhusu maegesho ya gari. Karani alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka laini, imetulia, sauti ya mwanamke asiye na shida yoyote duniani, na alishangaa inatoka wapi, maana kifuani mwake kitu kilikuwa bado kinagonga huku na huku kama ndege aliyeingia chumbani kwa bahati mbaya. Laini haikutetereka hata mara moja.

Aliposikia mlango wa chumba, Sindano alisimama, koti likaanguka.

"Wamesema nini?"

"Wamesema niendelee. Nina mapumziko mafupi tu, halafu simu za kweli zinaanza."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Mama alipiga paja lake kwa mkono mzima, akacheka. Sindano alifungua mikono kidogo, kama mtu anayetaka kumkumbatia mwenzake lakini hana hakika na ruhusa. Karani alibaki pale pale mlangoni.

"Sijamaliza kukasirika," alimwambia.

"Najua."

"Sijui nitamaliza lini. Na kuhusu cherehani, nilipaswa kukuuliza. Hilo ni kosa langu. Lakini lako ni kubwa zaidi."

"Ni kubwa zaidi," Sindano alikubali. Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka kwake, anasikia kila kitu, na safari hii hakujali. "Mtu akija hapa kwa shughuli yako, nitakuita. Hata kama simtaki. Nitakuita."

Karani alimtazama, akitafuta usoni pake mahali pa kuliamini neno hilo. Hakupaona bado, wala hakupakosa.

"Washa mashine," alisema. "Watu wataondoka na nguo zao."

Alirudi chumbani, akafunga mlango. Cherehani ilianza kuunguruma upande wa pili wa ukuta, kwanza kwa kusitasita, kisha ikashika mwendo. Alikaa, akavaa visikilizio, akafuta macho kwa nyuma ya mkono. Kengele ya simu ya kwanza ililia kabla hajawa tayari.

"Habari za asubuhi," alisema. "Nikusaidie nini?"